Mama Faudhia wa Jengo la Saa

Tunu Twalha alikabidhiwa funguo za Jengo la Saa Jumatatu moja ya mwaka 1977, na karani aliyemkabidhi hakujua ufunguo upi ni wa mlango upi. Zilikuwa funguo kumi na nne kwenye pete moja ya chuma. "Utazoeana nazo," karani alimwambia, kisha akaondoka zake. Siku ile nzima Tunu alizunguka jengo akijaribu, na ilipofika alasiri alikuwa amebaki na funguo tatu zisizofungua chochote na mlango mmoja usio na ufunguo. Mlango huo aliufungua kwa bega, na katika miaka yote iliyofuata hakuna aliyewahi kumwuliza.

Alikuwa na miaka ishirini na saba na mjane wa mwaka mmoja. Mumewe Shomari alikuwa dereva wa lori la mahindi. Homa ilimkamata njiani Kondoa, akarudishwa nyumbani Maisaka, mtaa wa mji wa Babati, akiwa hajitambui, na hakumaliza wiki. Alimwachia watoto wawili wa kike, Faudhia na Zawadi. Baba yake Tunu, Mzee Twalha, alikuwa na duka la vitambaa mjini Babati, mjukuu wa mfanyabiashara aliyepanda kutoka Pangani akaoa huku huku na asirudi. Mzee Twalha alikuwa tayari kumlisha binti yake na wajukuu wake, ila Tunu hakutaka kula mkate wa baba akiwa na mikono yake. Aliposikia kwamba pale mjini anahitajika mtu wa kufagia ukumbi na kutunza funguo, alikwenda mwenyewe kuomba. Tangu hapo watu walimwita Mama Faudhia wa Jengo la Saa.

Saa yenyewe haikuwepo. Wazee walisimulia kwamba Bwana Shauri mmoja, afisa wa wilaya wa Kiingereza aliyekuwa amechoka kukaa mbali na kwao, alitoa picha ya ukumbi wa mji aliozaliwa akawaambia mafundi wajenge kama ule, wapunguze ukubwa tu. Wakachonga mawe kutoka miguuni mwa mlima Kwaraa, wakajenga kuta nene kiasi kwamba mtoto aliweza kulala kwenye ukingo wa dirisha asianguke. Madirisha yalikuwa marefu, yenye matao juu, na vioo vidogo vidogo. Mbele kulikuwa na kibaraza chenye nguzo sita za chuma zilizokuja kwa meli, kila moja na maandishi ya kigeni kwenye kitako. Ndani kulikuwa na jukwaa la mbao, na juu ya jukwaa tao jingine kubwa la mawe. Na kwenye pembetatu ya ukuta wa mbele, juu kabisa chini ya paa, waliacha tundu la duara la kuweka saa. Saa iliagizwa. Vita vya Hitla vikaanza, na ikawa basi. Tundu likabaki, na watu wa Babati, ambao hawana haraka ya kubadilisha jina likishakaa mdomoni, waliendelea kuliita jengo lile Jengo la Saa.

Mama Faudhia alilikuta jengo limeshafanya kazi nyingi. Wazungu walikuwa wamecheza dansi humo, na Waafrika wakasimama nje madirishani kuangalia viatu. Ilikuwa mahakama. Ilikuwa mahali pa mkutano siku bendera ilipobadilishwa. Alipolipokea yeye, asubuhi watu walikuja kusikiliza mashauri ya ng'ombe, na jioni mabenchi yale yale yaligeuzwa yakaelekea ubaoni, kwa sababu pale ndipo watu wazima walipofundishwa kusoma.

Mwalimu wa kisomo aliitwa Kornelia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, mzaliwa wa Dareda. Mama Faudhia hakujua kusoma. Mzee Twalha alikuwa amepeleka wavulana shule na wasichana jikoni, kama wengi wa wakati wake. Kila jioni darasa lilipoanza, Mama Faudhia alisimama mlangoni na pete ya funguo mkononi, akisubiri. Wiki ya tatu Mwalimu Kornelia aliacha chaki.

"Mama Faudhia, unafanya nini hapo?"

"Nasubiri mmalize nifunge, mwalimu."

"Na midomo yako inatamka nini?"

Wanafunzi wakageuka. Walikuwa akina mama wa Nakwa na wazee wawili wa Bagara.

"Kaa," Mwalimu Kornelia alisema. "Kisomo ni miezi tisa, ukisimama yote miguu itavimba."

Akakaa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anasoma maandishi ya kwenye magunia, ya kwenye malori, na majina ya kwenye nguzo za kibaraza ingawa hakuyaelewa. Mwalimu Kornelia aliwapa zoezi moja ambalo Mama Faudhia hakuliacha tena: kila siku andika tarehe, halafu kitu kimoja ulichokiona. Daftari lake la kwanza lilikuwa hivi: *Tarehe 4. Popo wameingia.* *Tarehe 5. Hakimu amesinzia.* *Tarehe 6. Mvua imepita dirisha la tatu.*

Miaka ya themanini ilikuja na shida zake, na jengo likageuzwa ghala. Mabenchi yalipangwa kibarazani, na ndani yakaingia magunia ya mahindi, yakapandana kwenye ukuta wa magharibi hadi kufikia matao ya madirisha. Mama Faudhia alimwambia mkuu wa ghala kwamba mfereji wa bati wa upande ule umeziba kwa majani, maji yanashuka ukutani, na uzito wote ule umeegemea pale pale. Alijibiwa kwamba taarifa imepokelewa. Masika ya mwaka 1985 yalipokolea, asubuhi moja akiwa anafagia alisikia mlio kama wa bua kavu likivunjwa. Kwenye kona ya dirisha la nne kulikuwa na ufa mwembamba uliokuwa umeanza kupanda.

Alitoa taarifa tena. Ikapokelewa tena. Basi alichukua ngazi, akapanda na penseli ya kisomo, akachora kistari pale ufa ulipoishia, na pembeni yake akaandika tarehe. Hakuwa na mpango wowote. Kilikuwa tu kitu alichokiona siku hiyo.

Baada ya wiki alipanda tena. Ufa ulikuwa umepita kistari kwa upana wa vidole viwili. Akachora kingine. Ikawa desturi yake. Magunia yalipoondolewa na hatimaye mfereji ukazibuliwa, yeye aliendelea kupanda kila masika yakiisha, mwezi wa sita. Faudhia alikuwa amekua na alishika ngazi chini. "Mama, unatafuta nini huko?" aliuliza. "Naujulia hali tu," mama yake alijibu.

Mwaka 2002 Arusha ikagawanywa, Manyara ukawa mkoa, na Babati ikawa makao makuu kabla haijapata muda wa kujiandaa. Watumishi walikuja na familia zao, vyumba vya kupanga vikaadimika kuanzia Maisaka hadi Nakwa, na ofisi hazikutosha. Baadhi zilipelekwa Jengo la Saa kwa muda. Aliyetumwa kulipanga alikuwa Remigius, afisa wa miaka thelathini na tano, mwenyeji wa Muleba, mtu mwenye adabu na haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu Babati."

Remigius alizunguka na karatasi yake, akipima kwa hatua. Ukumbi ule ungekatwa kwa plaiwudi vyumba sita: elimu, kilimo, mifugo, ardhi, na viwili vingine ambavyo bado havikuwa na wenyewe. Kisha akainua macho.

"Tundu lile juu ni la nini?"

"La saa."

"Na saa iko wapi?"

"Haikuja."

Remigius alicheka, akaandika kitu. Kesho yake alimwita fundi Anselimu, akaziba tundu kwa bati, mvua na popo visiingie kwenye mafaili. Mama Faudhia aliangalia kazi ile kutoka chini, akafagia vumbi lililoanguka.

Januari ilikuja na jua lake. Kufikia saa tano asubuhi ndani ya jengo hapakukalika. Afisa wa mifugo alivua tai, kisha koti, kisha akahamisha meza yake kibarazani. Karatasi zililoana kwa jasho la mikono. Mama Faudhia alipitisha maji ya kunywa mara mbili badala ya moja, na hakusema neno. Siku ya nne Remigius alimfuata kwenye chumba chake kidogo nyuma ya jukwaa.

"Mama, naomba nikuulize. Zamani hapa palikuwa na joto namna hii?"

"Hapana, baba."

"Hata wakati wa harusi, watu mia tatu?"

"Hata watu mia nne."

"Sasa nini kimebadilika?"

"Lile tundu ndilo pua ya jengo. Hewa ya moto inapanda, inatokea pale, na ya baridi inaingia madirishani. Umeliziba pua."

Remigius alisimama akimtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza hivyo. Uliuliza ni la nini, nikakujibu la saa."

Remigius alikaa kwenye gunia tupu lililokuwa pale, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Mchana ule ule Anselimu alipanda tena, akaling'oa bati, akaweka wavu wa kuzuia popo. Tangu siku hiyo Remigius hakugonga msumari hata mmoja bila kumwuliza Mama Faudhia. Alimwuliza pia kuhusu mwangwi, kwa maana plaiwudi haikufika darini na kila neno lilipanda juu likashukia chumba kingine. Mwalimu mkuu aliyekuja kuomba uhamisho alisikia habari zote za dume la Hanang lenye ugonjwa wa kwato, na mtu wa dume akasikia za mwalimu. Mama Faudhia alishauri watundike mapazia mazito kwenye kuta, kama ilivyofanywa wakati wa harusi ili mahubiri na hotuba visirudi. "Jengo hili linapenda nguo," alisema. Remigius alitundika mapazia ya kijani, na siri za watu zikapungua kusafiri.

Wakawa kama mama na mwanawe. Remigius alipopata mtoto wa kwanza mjini pale, mkewe akiwa hana ndugu karibu, Mama Faudhia ndiye aliyekwenda kumkanda kwa maji ya moto siku zote za uzazi, na Zawadi akawapelekea uji. Kila mwezi wa sita Mama Faudhia alimwomba amsaidie kusogeza kabati la ofisi ya ardhi lililokuwa karibu na dirisha la nne. Remigius alisogeza bila kuuliza, akidhani anataka kufagia nyuma yake.

Mwaka 2006 majengo mapya yalikamilika na ofisi zikahama. Plaiwudi ikang'olewa, mapazia yakakunjwa, na ukumbi ukarudi ulivyokuwa, mkubwa na mtupu, na alama za miguu ya meza sakafuni. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jengo limezeeka. Lina ufa. Kiwanja kiko katikati ya mji, fremu za maduka ishirini zingekaa pale bila kubanana. Kwenye kikao kimoja cha halmashauri karibu kila msemaji alikuwa na methali yake ya ufa na ukuta. Ikaamuliwa aje mhandisi alikague, na akisema si salama, libomolewe.

Mama Faudhia alisikia kwa Remigius, aliyekuja mwenyewe kumwambia asije akalisikia sokoni. Alimsikiliza hadi mwisho. "Wamesema lini?" aliuliza, na alipojibiwa, alirudi ndani akafuta vioo vya madirisha, ingawa alikuwa amevifuta juzi yake. Nyumbani hakula. Alimwambia Faudhia, ambaye sasa alikuwa na watoto watatu na duka la vyombo, kwamba hajui kama anasikitikia jengo au anajisikitikia mwenyewe. Faudhia alimwambia si lazima achague.

Mhandisi alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane aliyeitwa Noela, mwenye buti zilizojaa vumbi na kofia ngumu ya manjano. Alimsalimia Mama Faudhia kabla ya kuwasalimia wakubwa waliomleta, na wakubwa walipoondoka, aliendelea kuzunguka peke yake akigonga kuta kwa nyundo ndogo. Alisimama muda mrefu chini ya dirisha la nne.

"Ni huu tu unaonisumbua, mama," alisema. "Ufa wenyewe si mkubwa. Kama umelala, jengo hili litatuzika sote. Kama bado unatembea, siwezi kuweka sahihi yangu kwamba watu waingie."

"Na utajuaje?"

"Tunabandika kipande cha kioo juu yake, tunasubiri mwaka, miwili. Kioo kikivunjika, unatembea. Lakini mimi nimepewa siku kumi."

Mama Faudhia alifikiri. "Mwanangu, kioo sina. Tarehe ninazo."

Alileta ngazi. Noela alipanda, akatoa tochi, na alipofika juu akatulia. Penseli ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. Kistari cha kwanza kilikuwa cha Mei 1985. Kilifuatwa na vingine, vya karibu karibu mwaka ule, vikaachana mwaka uliofuata, kisha vikapungua nafasi. Kistari cha mwisho kilikuwa cha Juni 1989. Juu yake lipu ilikuwa nzima. Na pembeni ya kistari hicho kulikuwa na safu ya tarehe, kwa mwandiko ule ule wa herufi za kisomo, kubwa na za mviringo: *6/90 hapa. 6/91 hapa. 6/92 hapa.* Ziliendelea hivyo mwaka hata mwaka, hadi 6/2006.

"Nani ameandika hizi?"

"Mimi."

"Kila mwaka?"

"Kila masika yakiisha. Mwaka wa tisini na nane, wa mvua kubwa, nilipanda mara tatu."

Noela alikaa kwenye kidato cha ngazi kule juu, akatoa daftari na kuzinakili zote, moja baada ya nyingine, akizisoma kwa sauti ya chini. Aliposhuka macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, akasingizia vumbi.

"Chuoni tulifundishwa kufanya hivi," alisema. "Sijawahi kukutana na mtu aliyefanya miaka ishirini."

"Mimi nilifundishwa na Mwalimu Kornelia," Mama Faudhia alisema. "Andika tarehe na ulichokiona."

Remigius alipoelezwa, alikwenda kulitazama dirisha la nne kwa macho yake. "Kumbe lile kabati," alisema. "Mimi nilidhani unafagia."

"Nilifagia pia."

Kikao kilipokutana, mjumbe mmoja aliuliza, bila ubaya, kama kweli wategemee penseli ya mama mfagiaji. Noela alisimama akasema amepima mwenyewe, amefungua lipu, amechimba hadi msingini, na udongo wa chini ni mgumu na mkavu. Penseli ilimwonyesha pa kupima na nini cha kutarajia, na alichokikuta ni kile kile kilichoandikwa: uzito uliondoka, maji yakaondoka, ukuta ukatulia. Alisema jengo linahitaji mifereji mipya, fito mbili za chuma kufunga ukuta wa magharibi, na vioo. Mjadala ulichukua mchana mzima. Wenye hamu ya fremu hawakuwa watu wabaya, walitaka tu maduka. Mwishowe wakapewa kiwanja kingine karibu na stendi, na Jengo la Saa likabaki.

Anselimu na wenzake walifanya ukarabati kwa miezi mitano. Alipofika dirisha la nne, Anselimu aliuliza kama apake rangi. Noela alitaka maandishi yaachwe, ayawekee kioo. Mama Faudhia ndiye aliyekataa. Alisema ukumbi wa harusi hauwezi kukaa na ukuta ulioandikwa-andikwa, watu watadhani ni shule. Pakapakwa rangi nyeupe.

Tangu hapo siku za kazi ukumbi ulikuwa wa kliniki ya kupima watoto uzito, na mizani ilining'inizwa kibarazani. Alhamisi wanakwaya walifanya mazoezi. Jumamosi zilikuwa za harusi, za Wakristo na za Waislamu, na Mama Faudhia alizipenda zote kwa kipimo kile kile, isipokuwa zile zilizomwaga mchele sakafuni.

Alistaafu mwaka 2010. Remigius, ambaye nywele zilikuwa zimeanza kumtoka kwenye paji, aliandaa sherehe ya kumuaga, na mahali hapakuwa na mjadala. Zawadi alisimamia pilau. Mwalimu Kornelia aliletwa kutoka Dareda akiwa na fimbo na mjukuu wa kumshika mkono. Noela alifika kwa basi la mchana.

Walimkalisha Mama Faudhia mbele kabisa, mstari wa kwanza, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Hakuwahi kukaa hapo. Miaka thelathini na mitatu ya hotuba, mahubiri, mashauri na nasaha za wazee alikuwa amezisikia zote kutoka nyuma ya jukwaa, penye chumba chake, ambako kila sauti ilifika kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Alikuwa ameamini siku zote kwamba watu wakubwa humung'unya maneno. Sasa Remigius alisimama chini ya tao la mawe, akafungua mdomo bila kipaza sauti, na kila neno lilishuka safi likamfikia mapajani.

Mama Faudhia alimwinamia binti yake. "Faudhia. Kumbe walikuwa wanasema vizuri."

"Akina nani?"

"Wote."

Alisikiliza hotuba zote, hata ndefu, bila kusinzia. Mara mbili aliinuka kufungua dirisha na mara mbili Faudhia alimvuta upindo wa nguo akamrudisha. Kisha wakamwita azungumze. Alipanda ngazi tatu za jukwaa, ambazo alikuwa amezifagia mara zisizo na hesabu, akageuka akawaona wote wamekaa, watu wa kliniki na wa kwaya na wa sokoni na wa ofisini.

"Asanteni," alisema.

Sauti yake ilitoka ikavuka vichwa vya watu wote hadi mlango mkubwa, ambako mama mmoja aliyechelewa, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amesimama akitafuta pa kukaa.

"Huku kushoto kuna nafasi mbili, mwanangu," Mama Faudhia alimwambia kutoka jukwaani. "Pita tu."